Usiache Mbachao: Kubadili Pointi za Mashine ya Boti



Wasomaji wetu watukufu, na hasa nyinyi akina mama ambao ukurasa huu ni wenu, leo naomba ruhusa yenu niingie mahali ambapo shehe hatarajiwi kuingia: chini ya kifuniko cha mashine ya boti. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi na mashine tuna nini?" Jawabu ni kwamba kila boti inayoondoka asubuhi imebeba mume wa mtu, mwana wa mtu, na chakula cha jioni cha nyumba ya mtu. Mashine ikizimika majini, anayesubiri ukingoni ndiye anayehesabu saa.

Kisa chenyewe hakikutokea Lamu wala Mombasa. Kilitokea Machakos. Najua wengi mtashangaa, kwani Machakos tunaijua kwa vilima vyake na kwa ukavu wa nchi ya Ukambani. Lakini kaunti hiyo ina maji mengi katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 katika mto Tana. Hilo ndilo la kwanza katika msururu wa mabwawa ya umeme ambayo maji huyapitia yakiteremka: Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Linapojaa hutanda eneo la kilomita za mraba 120 hivi, hata anayesimama ukingoni huliita ziwa. Upande mmoja ni Machakos, na ng'ambo ni Mbeere, katika kaunti ya Embu. Ndani yake mna perege na kambare, na pia mna mamba na viboko. Maji hayo hayo, baada ya safari ndefu, hutufikia sisi watu wa Pwani pale Kipini, Tana inapoingia baharini.

Dada yangu aliolewa Machakos tangu ujana wake. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinunua boti ya mbao huku Pwani, akaipakia kwenye lori na kuipeleka Masinga. Mashine yake ni ya petroli, ya silinda nne, imekaa ndani ya chombo, na umri wake umempita mpwa wangu anayeiendesha. Siku za soko boti huvusha abiria na magunia ya pojo na kunde; siku nyingine hukodiwa na wavuvi. Shemeji alipofariki aliacha mjane, kijana wa miaka 19, na mabinti wawili wadogo. Boti ndiyo urithi wao, nami niliombwa niwe msimamizi wa fungu la wale wadogo. Kwa hiyo kila shilingi inayotumika kwenye chombo kile, sehemu yake ni mali ya yatima, nami nitaulizwa.

Jioni moja dada alinipigia simu, sauti yake ikitetemeka.

"Kaka, leo boti imezimika katikati ya maji. Ndani mlikuwa na wanawake saba, mmoja ana mtoto mgongoni. Upepo ukawa unawasukuma kwenye matete, kule kwenye viboko. Mwanao ameiwasha baada ya nusu saa. Mimi nilikuwa ukingoni, miguu imeniishia nguvu."

Kijana alikuwa amefungua kofia ya distribyuta, akakuta nyuso za pointi zimeungua. Akazisugua kwa ubavu wa kiberiti, akakadiria nafasi kwa macho, mashine ikanguruma. Aliporudi nyumbani alikuwa na ombi moja tu: pointi zitolewe, kifungwe kifaa cha elektroniki. Bei yake ilikuwa sawa na mapato ya boti ya wiki mbili. Dada akaniambia, "Njoo uamue." Nami nikapanda basi.

Kabla sijawaeleza tulivyoamua, yafaa tufahamu pointi ni kitu gani. Mashine ya petroli huhitaji cheche ndani ya kila silinda, na cheche hiyo huhitaji volti kwa maelfu, ilhali betri ina volti 12 tu. Anayezikuza ni koili, ambayo ni nyaya nyembamba zilizozungushwa mara nyingi kwenye chuma. Umeme ukipita katika koili hujenga nguvu ya sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, nguvu ile huporomoka mara moja na kutoa msukumo mkubwa wa volti, ambao hurukia kwenye plagi kama cheche. Mama aliyewahi kufunga bomba la maji kwa ghafla, akasikia mifereji ikigonga ukutani, ameshaiona hali hii kwa upande wa maji: mwendo ukikatishwa ghafla, nguvu yake hutafuta pa kutokea.

Basi pointi ndizo mkono unaofunga na kufungua bomba hilo. Ni vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana. Kati yao, vinapoachana, hubaki nafasi ambayo kwa mashine nyingi haizidi nusu milimita. Anayeviachanisha ni mhimili wenye pembe, unaozunguka ndani ya distribyuta na kusukuma kisigino kidogo cha pointi. Pembeni yake kuna kondensa, kopo dogo linalopokea wimbi la umeme ili lisiruke kati ya nyuso hizo na kuziunguza. Mpango huu wa betri, koili na pointi ulienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mhandisi wa Marekani, Charles Kettering, na kwa miongo mingi magari na boti za petroli duniani ziliutegemea.

Sasa hebu tupige hesabu. Mashine ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 kwa dakika hiyo hiyo. Kwa saa moja ni 360,000. Kila cheche ni mguso mmoja na mwachano mmoja wa pointi, na msuguano mmoja wa kisigino. Kisigino hulika, nafasi hupungua, na cheche huanza kuchelewa. Nyuso huungua na kuota vishimo, umeme hupita kwa shida, na cheche hufifia. Kondensa ikichoka, pointi huungua kwa haraka zaidi. Unyevu wa majini nao huongeza kutu. Hakuna siri hapa, ni uchakavu tu. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakisafisha na kupima pointi kila baada ya muda, na aliyesahau alikumbushwa na mashine yenyewe, mbali na nchi kavu.

Kifaa cha elektroniki huondoa mguso huo. Juu ya mhimili wa distribyuta huvikwa pete ndogo yenye sumaku, na mahali pa pointi hufungwa kitambuzi. Sumaku ikipita mbele yake, kitambuzi huhisi, na moduli hukata umeme wa koili bila kitu kugusana na kitu. Msingi wa vitambuzi vingi vya aina hii uligunduliwa mwaka 1879 na Edwin Hall, Mmarekani aliyekuwa akichunguza athari ya sumaku juu ya umeme. Ilichukua karibu miaka mia moja kabla elimu hiyo haijaingia kwa wingi kwenye injini. Kufikia mwaka 1973 kampuni ya Chrysler ilikuwa imeufanya uwashaji wa elektroniki kuwa wa kawaida katika magari yake ya Marekani. Hakuna kisigino cha kulika, hakuna nyuso za kuungua, na wakati wa cheche hautangitangi.

Kwa maneno hayo mpwa wangu angeshinda kesi mbele ya kadhi yeyote. Lakini tulikwenda kwanza kwa fundi mmoja mjini Machakos, mzee wa Kikamba aliyetumia umri wake kwenye injini za petroli. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mimi, si kijana.

"Shehe, kabla ya kununua dawa, mgonjwa amepimwa?"

Akatwambia kwamba mashine nyingi huvikwa kifaa kipya huku ugonjwa uko kwingine: petroli chafu, kabureta iliyoziba, nyaya zilizooza, plagi zilizochoka, au betri inayokufa. Twende Masinga, akasema, tukaitazame.

Alipofika aliushika mhimili wa distribyuta kwa vidole na kuutikisa. Ulicheza kidogo tu. Akaeleza kwamba mhimili ukicheza sana, nafasi ya pointi hubadilika kila mzunguko. Kifaa cha elektroniki huvumilia zaidi kuliko pointi, lakini hakitibu mhimili uliokwisha. Alipima betri, akabadilisha waya mmoja uliokuwa na kutu ya kijani, akasafisha chujio la petroli. Hatimaye akasema pointi na kondensa ndizo zilizochoka, na kwamba kwa boti ya abiria kubadili ni jambo la busara, tukikubali masharti yake.

Sharti la kwanza ndilo lililotaka kutugombanisha. Kijana alikuwa amepita Barabara ya Kirinyaga, kule Nairobi kwenye maduka ya vipuri, akaona distribyuta nzima ya gari yenye elektroniki tayari ndani yake, bei yake nusu ya kifaa cha boti. "Mjomba, ni ile ile, inaingia sawasawa," aliniambia. Nami, nikifikiria fungu la mabinti wawili, nilikwisha kuitikia moyoni. Mzee akakataa katakata.

"Hiyo itaua watu," alisema.

Sikilizeni sababu yake, kwani hii ndiyo sehemu ninayotaka kila nyumba yenye boti ya petroli iikariri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari, ukivuja, hushuka barabarani na kupeperushwa na upepo. Katika boti hauna pa kwenda. Huteremka ngamani, chini kabisa ya chombo, ukatulia pale pamoja na maji machafu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mvuke wa petroli nao ndiko marejeo yake. Akina mama mnaijua hatari hii jikoni, kwani gesi ya mtungi nayo ni nzito, huvuja na kulala sakafuni, ikisubiri njiti ya kiberiti. Ndani ya distribyuta cheche huruka wakati wote mashine inapofanya kazi. Distribyuta ya boti hutengenezwa ili mwali ukitokea ndani usitoke nje, na matundu yake ya kupumulia huwekwa wavu mdogo wa chuma wa kuuzuia. Ya gari haina kinga hiyo. Ukiifunga kwenye boti umeweka kiberiti kinachowaka juu ya ngama. Na hukumu hiyo hiyo inahusu stata na altaneta: za boti zibaki za boti, hata kama za gari zinaingia kwenye skrubu zile zile.

Nilinyamaza. Dada yangu, aliyekuwa akitumiminia chai, akasema bila kuinua macho, "Kaka, hiyo nusu ya bei tuiache dukani." Shauri likaisha. Tukabaki na distribyuta yetu ya asili, tukanunua kifaa kilichoandikwa kuwa kinaifaa aina hiyo ya distribyuta ya boti.

Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu siku. Naisimulia kwa mpangilio ili msomaji ajue fundi wake anapaswa kufanya nini.

Kwanza kifuniko cha mashine kiliachwa wazi kwa muda, ngama ikanuswa na kukaushwa, kisha waya wa betri ukaondolewa. Fundi akaizungusha mashine kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu kwenye zamu ya cheche, akatia alama ya chaki mahali rota ilipoelekea. Akatoa pointi na kondensa, akaweka sahani yenye kitambuzi, akavika pete ya sumaku kwenye mhimili, na kuhakikisha pete haikigusi kitambuzi.

Hapo akasimama kwenye nyaya, na hapo, alisema, ndipo wengi huunguza kifaa siku ya kwanza. Waya mwekundu huenda upande wa chanya na mweusi upande wa hasi wa koili. Ukivigeuza, moduli hufa papo hapo. Baadhi ya mashine za zamani sana zina upande wa chanya wa betri uliofungwa kwenye chuma cha injini, kinyume cha desturi ya leo, na hizo huhitaji kifaa chake maalumu. Koili nayo lazima ikubaliane na moduli: karatasi ya kifaa chetu ilitaka koili isiyopungua omu 3, na ya zamani ilipopimwa ikapungua, basi ikabadilishwa. Nyaya za plagi zikawa za aina inayopunguza mvumo wa umeme, kwa sababu nyaya za shaba tupu huweza kuivuruga moduli. Mwisho, baada ya mashine kuwaka, akarekebisha wakati wa cheche kwa taa maalumu ya kumulikia, maana kubadili pointi hubadili na wakati.

Mashine iliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Mpwa wangu alicheka kama mtoto siku ya Idi, akaziokota pointi za zamani ili azitupe majini. Mzee akamshika mkono.

Hili lilikuwa sharti lake la pili. Pointi, alisema, hufa polepole na kwa kelele. Hukohoa, hukwama, hukupa ishara wiki nzima, na hata zikifa zinasuguliwa kwa ubavu wa kiberiti zikakufikisha nyumbani. Kifaa cha elektroniki hakikohoi. Hufanya kazi vizuri kwa miaka, kisha siku moja hunyamaza, na hakuna fundi duniani atakayekifufua katikati ya maji. Huuawa na joto, na betri kuondolewa mashine ikiwa inazunguka, na ufunguo ulioachwa wazi mashine ikiwa imezimwa. Betri ikidhoofu sana nacho hukataa mapema kuliko pointi. Kwa hiyo aliyeweka kipya asitupe cha kale. Wahenga walitwambia usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi niliyeitamka methali hiyo darasani miaka mingi sikuwahi kuiona ikitimia kwa skrubu mbili na kipande cha bati.

Mzee alitafuta sahani ya pili ya distribyuta ile, akafunga juu yake pointi mpya na kondensa mpya, akapima nafasi kabisa. Dada akaleta kopo tupu la samli, akalisugua likakauka. Ndani yake zikaingia sahani ile iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, bisibisi moja, bati la kupimia nafasi, na kipande cha msasa laini. Kifuniko kikazibwa kwa utepe dhidi ya unyevu.

Nilidhani tumemaliza. Dada yangu alikuwa na sharti lake la tatu, ambalo fundi hakulifikiria wala mimi.

"Hutabeba mtu," alimwambia mwanawe, "mpaka uniondolee hicho kipya na kurudisha cha zamani, hapa hapa, mbele ya macho yangu."

Kijana akaona haya, akanitazama mimi apate msaada. Hakuupata. Boti ikiwa imefungwa ukingoni alianza. Mara ya kwanza alidondosha skrubu ngamani, ikapotea, na jambo lilichukua zaidi ya saa moja. Mzee akaongeza skrubu mbili za akiba ndani ya kopo. Mara ya pili alitandika kitambaa chini ya distribyuta kwanza, akamaliza kwa dakika 40. Mara ya tatu, dakika 20, na mashine ikawaka kwa pointi. Ndipo mama mtu alipokubali kifaa kipya kirudishwe, na kesho yake abiria wakapanda. Binti mkubwa wa wale wadogo, aliyekuwa akitazama muda wote, naye akaomba kujaribu. Mikono yake midogo iliingia vizuri kuliko ya kaka yake.

Ndugu wasomaji, nimeisimulia habari hii kwa sababu huku kwetu Pwani bado zipo boti za petroli za zamani zenye pointi, na vijana wetu wanataka kuzibadili, na wana haki. Mwenye mashine ya dizeli jambo hili halimhusu, kwani dizeli haina cheche. Na mashine nyingi za nyuma za siku hizi zimetoka kiwandani na elektroniki yake. Lakini mwenye ile ya zamani na ajiulize: mgonjwa amepimwa? Kifaa ni cha boti kweli? Cha kale kiko wapi, na aliye majini anajua kukirudisha? Na juu ya yote hayo, boya la kuvaa liwepo kwa kila abiria, pamoja na makasia na nanga, maana hakuna cheche iliyoandikiwa kudumu.

Kutawakali kuna adabu yake, nayo ni kufunga kamba kwanza. Nilikwenda Machakos nikidhani naombwa fatwa juu ya fedha za mayatima, kama zinafaa kutumika au hazifai. Nilirudi nikiwa nimefundishwa na mjane. Fedha zile zilitumika kwa uhalali pale tu mwanawe alipoweza kurudi nyumbani kwa njia mbili.

Juzi alinipigia simu tena. Nilishtuka, kama ninavyoshtuka kila nambari yake inapotokea alasiri. Alitaka tu kunijulisha kwamba ni mwezi mpya, kopo limefunguliwa, pointi zimefutwa mafuta na kufungwa upya, na kwamba aliyefanya kazi hiyo ni binti.

Wassalaamu alaykum.